Redio Inaponguruma Mkange

Mkange, 6 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Ausi,

Assalaam alaykum. Marahaba, nakujibu kabisa kabla hujaniamkia, maana nakujua, ukishika kalamu unaruka salamu unaingia kwenye habari za waya. Hujambo? Mkeo Raya hajambo? Kile kikohozi chake kimepoa? Sisi huku ni wazima wa kuvuta pumzi. Samia hajambo, anakuamkia mjomba wake. Mimi nimo ndani, nguo nyeupe, kona ya chumba, eda inasogea kwa mwendo wa konokono. Ukuta huu nimeshaujua nyufa zake zote. Shuaibu, Mungu amrehemu, alipokuwa hai nilikuwa nikimgombeza kwamba hakai nyumbani. Sasa nakaa mimi kwa niaba yetu sote wawili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Simu ninayo, mtandao sina. Unajua sisi wa huku bondeni mpaka mtu apande kilima cha shule ndipo simu ishike, na mimi mwenye eda nje sitoki. Anayepanda ni shemeji Mohamedi, naye hapandi ila kumekuwa na msiba. Ndiyo ile simu uliyopigiwa siku ya Shuaibu. Tena jambo lenyewe si la kupitia mdomoni mwa Mohamedi.

Ausi, nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Haya, nimeandika, limeshatoka. Ulianza kama punje ya kunde kabla Shuaibu hajaugua, nikasema ni jipu, litaiva. Halikuiva. Sasa umekuwa kama kokwa la embe, mgumu, hausogei, na kwapa linaniuma hata kuunyanyua mkono nifunge ushungi ni kazi. Sijamwambia mtu. Nikimwambia wifi yangu Dija, kesho kutwa titi langu linazungumzwa kisimani. Nikamwambie shehe? Titi? Bora nife.

Hospitali usinitajie. Kwanza nina eda. Pili, Mama tulimpeleka anatembea kwa miguu yake, wakampasua, tukarudi naye kafunikwa. Wewe ulikuwa mdogo, mimi ndiye niliyeshika ule mfuko wa nguo zake.

Sasa nisikilize. Dereva wa gari letu anasema umeifufua mashine ya marehemu mzee Jaysukh, ile yenye taa ya zambarau inayoondoa maumivu. Kama ni kweli niletee, mdogo wangu, nijikokote nayo mpaka eda iishe. Halafu tutaona.

Ni mimi dada yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 11 Februari 2024

Dada Mardhiya,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kibandani, nikajikuta nimekaa chini sakafuni na redio ya mtu mapajani. Mteja kaniuliza, fundi, umefiwa? Nikamwambia bado. Nisamehe kwa neno hilo, ndilo lililonitoka. Raya hajambo, kikohozi kimepungua, anakusalimu sana ila sijamwambia kitu, kama ulivyotaka.

Mashine ni kweli. Krishna, mjukuu wa mzee Jaysukh, alikuwa anafunga lile duka la vitambaa ahamie Dar, akaniletea sanduku jeusi, ndani limewekwa mahameli kama la kuwekea vito. Anasema bibi yake, Bi Kokila, alikuwa akijipitishia magotini kila akitoka kuoga. Nimebadilisha kapasita, platini, zile ncha za kurushia cheche, zilikuwa zimeota kutu nikazipiga msasa, ikawaka. Dada, ile ni babu wa redio zote! Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi taratibu, ndiyo maana ukikushika unakuua. Mashine hii inauchukua umeme ule ule inaurusha kwenye cheche na koili mpaka unatetemeka kwa kasi isiyohesabika, basi unapita juu juu ya ngozi, hauui. Kioo unachokishika kinawaka zambarau, na panatoka harufu kama radi imepiga jirani. Wazee wa mwanzo wa redio walirushia sauti zao kwa cheche za namna hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba nikiiwasha, redio zote za mtaa zinanguruma. Jirani yangu Abdulazizi kanitukana mara mbili, mpira ulikuwa unaendelea.

Lakini ni ya kupoza tu, na hata kupoza kwenyewe sijui kama si kujipa moyo. Si dawa ya uvimbe. Kwa akili yangu ningekuja kukuchukua leo. Nilifika mpaka mlangoni kwa Shehe Abdulrazak nimuulize kama mwenye eda anaweza kutoka kwa ugonjwa. Nikaona ataniuliza ugonjwa gani, na hapo barazani wamekaa watu. Nikamwamkia, nikarudi.

Basi eda ni eda. Itaisha mwishoni mwa Mei, nami siku hiyo nitakuwa mlangoni kwako na gari. Mpaka hapo tumia hii. Usiishike na mikono yenye maji, usiipitishe juu ya bangili. Naiweka ndani ya khanga kuukuu za Raya isivunjike.

Mdogo wako,
Ausi


Mkange, 2 Machi 2024

Ausi, mdogo wangu mwenye akili nyingi na salamu chache,

Marahaba. Mwambie Raya khanga zake nimezitwaa, asizingoje. Sote wazima. Mwezi wa Ramadhani unabisha hodi na mimi eda imeninyima hata kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Mashine imefika salama. Samia ndiye aliyechomeka, mimi nilikaa mbali nasoma Ayatul Kursiy. Alipozungusha kile kitufe, chrrr! Kioo kikawaka, na wallahi ni kizuri, rangi ya zambarau zilizoiva. Na redio ya jikoni ikanguruma, ya kwa Dija ikanguruma, ya dukani ikanguruma. Kijiji kizima kikajua saa ile ile kwamba kwa Mardhiya kuna jambo. Nimewaambia ni bega. Bega linaniuma, nimeletewa mashine na mdogo wangu fundi.

Haiumi. Inatekenya, kama sisimizi waliovaa viatu. Nimejipitishia kwapani, na siku ile nimelala, Ausi, nimelala mpaka Samia akaja kuniamsha akidhani nimekufa. Mungu akupe kheri.

Sasa cheka. Dija akaja kuona hilo bega. Akasema na mimi magoti. Nikampitishia. Akainuka, akatembea chumbani kama bi harusi anayetolewa nje, akisema jamani, jamani! Kesho yake kaja na wenzake wawili. Siku hizi mlangoni kwangu kuna ndala kuliko msikitini. Wanaume tumewafukuza, mwenyewe nina eda, lakini wanawake wanaingia, wanakaa mkekani, Samia anawashia, mimi napitisha na kusoma dua. Wanaleta mihogo, wanaleta nazi.

Nikwambie kweli ya moyoni? Watu walikuja kwenye msiba wa Shuaibu, hitima ikasomwa, wakatawanyika. Nilibaki na ukuta. Sasa nina watu. Nawasikia wakicheka humu ndani na mimi nacheka.

Dada yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 15 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Idi mmeila vipi huko? Sisi tumeila na maji, masika haya hayana adabu. Gari la Mkange halijaja tangu barabara ikatike, nami barua niliyokupelekea mwezi wa Ramadhani sijui kama iliwahi kufika. Raya anaumwa mgongo. Mimi mzima, ila nimekasirika, na ninakuandikia nikiwa nimekasirika hivyo hivyo.

Jana kaja mama mmoja kutoka Fukayosi. Kaniambia, fundi, nitengenezee mashine kama ya Bi Mardhiya wa Mkange, ile inayoyeyusha uvimbe. Nikamwuliza, nani kakwambia inayeyusha uvimbe? Akasema, kila mtu. Dada! Mimi ndiye niliyeifunga ile mashine kwa mikono yangu. Mle ndani kuna waya, nta, vioo na cheche. Haina kitu cha kuyeyusha hata samli.

Umeniandikia magoti ya Dija, umeniandikia ndala, umeniandikia nazi. Uvimbe wako hukuuandika hata mara moja. Umekuwaje? Umepungua, umekua, uko vile vile? Niandikie uvimbe.

Hasira zangu zipokee, ni za woga. Daktari mmoja wa hapa, nilimtengenezea televisheni, nikamuuliza kama namsemea mke wa rafiki yangu. Akaniambia, huyo mke wa rafiki yako asikae. Neno lake ni hilo tu, asikae. Nami nimekaa nikiingojea Mei.

Mdogo wako,
Ausi


Mkange, 9 Juni 2024

Ausi,

Marahaba, na pole na hasira. Pole ya mgongo kwa Raya, ajikande na maji ya moto. Tumshukuru Mungu, eda imeisha. Nimeogeshwa, nimevaa khanga yenye rangi, nimetoka nje, macho yakaniuma kwa jua. Samia alilia. Mimi nilicheka.

Ulikuja kama ulivyoahidi, na hukunikuta. Najua Dija alikwambia nimekwenda Gongo kwa mgonjwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba, Ausi. Nilikuwa nimejibanza kwenye jiko la nje nikikuona kupitia kwenye makuti unavyozunguka lile gari la kukodi umeshika kiuno. Nilitaka kutoka. Nikazidi kujibanza.

Unataka uvimbe. Uvimbe umepungua. Nasema umepungua.

Kuna mwanamke alikuja na donge shingoni. Nikampitishia taa siku kadhaa, donge likatoa usaha, likakauka, akapona. Yeye ndiye aliyetangaza. Mimi sikumwambia kitu, ila na kumkanusha sikumkanusha. Nikajiambia, kama la kwake limeondoka la kwangu lina nini? Sasa wanakuja wenye madonge. Wananiita Bi Mwanga. Wananishika mkono na kuubusu, mimi ambaye mama mkwe wangu hakupata kunisifia hata wali.

Sasa wewe nipakie garini, Bi Mwanga niende hospitali ya Dar, nikapange foleni na titi langu. Wale wote niliowapitishia taa wataambiwa nini? Samia ataambiwa nini? Amekuwa hodari wa ile mashine kunishinda, anawapokea watu vizuri, anajua kuwatuliza. Nipe mpaka Idi ipite. Nitakuja mwenyewe.

Dada yako,
Mardhiya


Bagamoyo, 14 Juni 2024

Dada Mardhiya,

Shikamoo. Sote wazima. Leo barua ni fupi.

Baada ya sala ya Ijumaa Shehe Abdulrazak alikuwa na darsa, na mtu mmoja akauliza habari za eda. Wala si mimi niliyeuliza. Shehe akasema mwenye eda akiugua atoke akatibiwe, mchana kweupe, asijifiche, anapomaliza arudi kwake. Akasema hilo halina hata mjadala. Akaliweka kama kitu kidogo, akaendelea na swali lingine.

Dada, njia ilikuwa wazi tangu ile siku uliyoniandikia. Mimi nilikuwa mlangoni kwake mwezi wa pili. Nilishindwa kutaja titi mbele ya watu wa barazani. Wewe ulishindwa kumtajia shehe wa kwenu. Kwa haya zetu mbili tumeikalia miezi minne yote, na ndani ya miezi hiyo mimi nikakupa mashine ya kuchezea.

Nimetoka msikitini nikakaa kwenye ukuta wa nje kama mwehu. Nimelia, nakwambia ili ujue.

Usiningoje Idi. Kama hutaki watu wakuone, nitakuja alfajiri. Na kama umepungua kweli kama unavyosema, basi daktari atatucheka turudi zetu.

Mdogo wako,
Ausi


Mkange, 20 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwenu. Nisamehe, tangu Juni nakutumia salamu usije.

Haukupungua. Umepasuka. Ngozi ilianza kuwa kama ganda la chungwa, halafu ikafunguka, na sasa nafunga vitambaa na kuvifua mwenyewe jikoni, Samia akiwa kisimani. Nachoma udi kutwa. Wageni wanasema nyumba ya Bi Mwanga inanukia.

Njoo unichukue. Njoo na gari lenye vioo vyeusi, na Dija mwambie unanipeleka kwa Raya, kwamba yeye ndiye mgonjwa. Usinigombeze njiani.

Mardhiya


Bagamoyo, 10 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Umefikaje? Dereva kaniambia njia nzima ulikuwa umeegemea dirisha, huongei, ila mlipofika mlimani ukamwambia hajui kuendesha. Nikafurahi kusikia umemtukana.

Nakulaumu kwa kurudi Mkange, na nitaendelea kukulaumu. Chumba kipo, Raya yupo, hospitali ni hatua chache. Umesema unataka kulala kwenye kitanda chako. Sawa. Ile dawa ya maji ya maumivu ni kijiko kimoja kila baada ya saa alizokuandikia daktari, usiibanie, usingoje mpaka uung'ate mto. Ikiisha nitaleta nyingine.

Nataka tuseme yale ambayo pale hospitalini hatukuyasema. Yule daktari mwanamke, alipokufunua, alinyamaza. Halafu akauliza, mlikuwa wapi? Hakuuliza kwa ubaya. Wewe ukatazama dari, mimi nikatazama viatu. Nilitaka kumwambia tulikuwa tunaheshimu eda. Nilitaka kumwambia tulikuwa na mashine. Hakuna hata kimoja ambacho kingesemeka mbele ya mtu mwenye akili. Aliponiita nje akaniambia uvimbe umeshaingia kwenye mifupa na mapafu, na kwamba kupasua sasa ni kukutesa. Ulikataa kuambiwa, ukasema usinitafsirie, nimemwona uso. Basi sikutafsiri.

Mashine irudishe. Samia aifunge aipeleke kwa dereva. Nimesikia bado anawapokea watu ukiwa chumba cha pili umelala. Sitaki mtu mwingine aikalie taa ile badala ya kwenda hospitali. Na Samia mwenyewe hataki kusikia. Nilipomgusia simuni, siku aliyopanda kilima kuniuliza dawa yako unapewaje, akaniambia, mjomba, hospitali mlimpeleka mama anatembea, amerudi anabebwa. Maneno yako yale yale ya Mama, dada. Amezaliwa nayo.

Nakuja baada ya wiki moja, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Ausi


Mkange, 1 Desemba 2024

Ausi, mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Marahaba. Salamu nyingi kwako na kwa Raya. Naandika nikiwa nimelala, utasoma taratibu.

Anayekupa barua hii ni Samia. Usimruhusu arudi. Soma mpaka mwisho, uso wako uwe wa kawaida, mwambie Raya ampe chai.

Juzi mchana nilikuwa nimelala, redio ya jikoni inasoma Qur'ani kwa sauti ndogo. Watu nilishawakataza wasije tena, ulivyoniandikia. Nilimwambia Samia aseme Bi Mwanga amepumzika. Nyumba kimya. Ghafla redio ikanguruma. Nikasubiri, nikidhani kimewashwa kitu kwa Dija. Ikanyamaza, ikanguruma tena. Ausi, hakuna kitu kingine Mkange kinachofanya redio zingurume hivyo. Nikasema kuna mgonjwa kaingizwa kwa mlango wa nyuma. Nikainuka nikifuata ukuta, nikafunua pazia la chumba chake.

Hakukuwa na mgonjwa. Alikuwa peke yake, amekaa kitandani, amefungua kifua, anajipitishia kile kioo. Titi la kushoto. Kama langu.

Hakuniona. Nikarudi nikalala. Nimelia mpaka nikatapika.

Nilimwita baadaye, nikamwambia nikune mgongo, nikamvuta nikamkumbatia, na mkono wangu nikaupitisha pale kama kwa bahati mbaya. Upo. Kama punje ya kunde. Ule ule, Ausi, wangu wa mwanzo. Akaruka. Akasema jipu mama, linaondoka, nalipitishia taa kila siku. Akatabasamu. Anaamini! Mimi ndiye niliyemfundisha kuamini. Amewaona wote wale wanaonibusu mkono. Nikamwambia, mwanangu, taa haikuniponya mimi. Unajua kanijibu nini? Kasema, ingekuponya, mama, hospitali ndiyo iliyokuvuruga. Nikamwambia twende tukapime, akapiga magoti akaniomba nisimtaje hospitali, analia kama mtoto. Nikaona nikisema zaidi atatoroka.

Basi leo asubuhi alipokwenda kisimani nimejikokota chumbani kwake. Nimechukua mchi. Mkono wa kulia bado unafanya kazi. Vioo vyote nimevivunja, lile sanduku nimelipigapiga mpaka mahameli yakatoka na waya zikamwagika kama utumbo wa kuku. Mwambie Krishna anisamehe, na bibi yake anisamehe. Aliporudi nimemwambia nimeiangusha nikitaka kuisogeza. Alikasirika, Ausi. Hajawahi kunikasirikia. Nikamwambia nenda kwa mjomba wako, ana vioo vingine, mpe barua hii atajua ni vya namna gani. Ameingia garini kabla hajanywa chai, mbio mbio, akafuate taa yake.

Barua nimeibandika kwa uji. Hataifungua, amana ni amana, hilo nalo nilimfundisha mimi.

Mpeleke leo. Si kesho. Usiende kumuuliza mtu yeyote mlangoni. Kama mtaulizwa mgonjwa wa nini, sema titi. Sema kwa sauti, mbele ya watu, hata kwenye baraza la shehe. Sema titi, titi, titi, mpaka lisiwe neno.

Atakuchukia na mimi atanichukia. Na anichukie akiwa hai.

Mimi nipo. Dawa inanitosha. Dija analala hapa, nimemwambia ukweli wote, na nikushangaze, amelia na hajamwambia mtu.

Dada yako akupendaye,
Mardhiya


Bagamoyo, 5 Desemba 2024

Dada Mardhiya,

Shikamoo. Nimeharakisha kuandika, gari la Mkange linaondoka saa kumi na nataka hii uipate leo hii.

Amepimwa. Sikiliza vizuri: wamewahi. Kipande walichochukua kimejibiwa, ni ule ugonjwa, siwezi kukuficha, lakini bado mdogo, haujatembea, haujafika kwapani. Yule yule daktari mwanamke. Alinikumbuka. Alipomfunua Samia hakunyamaza, aliongea muda wote. Akasema, huyu mmemleta. Atapasuliwa Jumatatu, kisha kuna dawa za kuchoma kwa miezi. Akasema ana kila sababu ya kuishi akazeeka.

Sasa nikupe vioja. Tulipofika getini akajua. Akashika nguzo ya geti na mikono yote miwili. Mlinzi akasema, mzee, mnampeleka kwa nguvu? Watu wakajaa. Mtu mmoja akauliza anaumwa nini. Nikasema titi, dada. Nikasema kwa sauti mpaka wa kule dukani wakageuka. Samia akaona aibu, akaachia nguzo. Hivyo ndivyo tulivyoingia.

Siku nzima hakunisemesha. Kaniambia sisi ndugu wawili ni waongo wakubwa. Jana nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliingia nayo uani kwa Raya, akakaa. Alipotoka macho yamevimba, akaniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli uliivunja kwa mkono wa kulia, kwa sababu anasema huo nao ulikuwa unakuuma. Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema, mama kanidanganya kwamba mkono umepona. Halafu akasema yuko tayari, lakini anataka wewe uwepo Jumatatu, akifumbua macho akuone.

Basi hilo ndilo naloomba. Nimeshaongea na Krishna, ana gari kubwa, kiti cha nyuma kinalala chote, tutaweka godoro. Mashine hana habari nayo, anasema bibi yake mwenyewe alikufa na magoti mabovu. Tunakuja Jumapili asubuhi. Mwambie Dija akufungie nguo, na ile khanga yenye rangi uliyovaa siku ya kutoka eda, Samia ameitaja hiyo. Hutapanda hata ngazi moja, nitakubeba. Ulinibeba sana mimi.

Nimemwambia Samia aongeze salamu zake kwa mkono wake hapa chini, amekwenda kutafuta kalamu ya

Raya kaingia na simu yangu, inaita. Anasema ni shemeji Mohamedi. Kapanda kilima.